Masomo Mengi, Somo Hakuna

Neno "somo" kwetu sisi watu wa pwani lina maana zaidi ya moja. Kuna somo la darasani, la hesabu au la jiografia, ambalo wingi wake ni masomo. Kuna somo kwa maana ya mtu mliyeitwa jina moja, au rafiki wa kupatana naye sana, ndipo utamsikia mtu akimwita mwenzake njiani, "Ee somo!" Na kuna somo wa tatu ambaye vijana wengi wa leo hawamjui hata kwa kusikia: yule mwanamke mtu mzima, asiye mama mzazi, aliyekabidhiwa msichana siku ya kuvunja ungo ili amfunze mambo ya ukubwa, usafi wake, haya yake, na namna ya kujichunga.

Huyo wa tatu ndiye niliyekusudia kumtaja leo. Watu humkumbuka kwa mafunzo ya unyumba na shughuli za harusi, wakadhani kazi yake ilikuwa ni hiyo basi. La hasha. Kazi yake kubwa, na ambayo hakuna aliyeiandika, ni kwamba alikuwa mtu wa kuambiwa. Msichana akiwa na jambo asiloweza kumwambia mamake kwa haya wala babake kwa hofu, alikuwa na mlango wa kubisha. Na hakuwa na haja ya kuzungukazunguka kwa maneno, kwa sababu somo alikwisha kuyataja mambo yote mbele yake kwa majina yake. Wavulana nao walikuwa na wao. Kulikuwa na kungwi wa kumbini, tena kulikuwa na mjomba, ambaye kwa desturi zetu ni mtu wa mzaha na wa siri, na kijana aliweza kumwambia mjombake mambo ambayo mbele ya babake asingethubutu hata kuyafikiri.

Leo mtoto wa Mombasa, wa Malindi au wa Lamu huamka alfajiri akaenda skuli, akarudi, akala, akavaa kanzu au buibui akaenda madrasa baada ya alasiri, na usiku akaketi na vitabu vyake. Masomo anayo tele. Lakini muulize: likikupata jambo baya, utamwambia nani? Wengi watakutazama tu. Somo wa mtaani amekufa au amehamia kwa wanawe Kongowea. Mjomba yuko Doha akiendesha gari la watu. Na wako watoto ambao mama yao mwenyewe yuko Saudia akifanya kazi katika nyumba za watu, nao wameachwa kwa jamaa, leo kwa huyu kesho kwa yule.

Si kwamba wazee wetu walikuwa malaika, wala si kwamba zamani watoto hawakudhurika. Walidhurika. Nasema tu kwamba palikuwa na mahali pa kupeleka maneno, na mahali pale pamevunjika pasipojengwa pengine.

Wataalamu wa fasihi hutuambia kwamba Mwana Kupona binti Mshamu aliutunga utendi wake mwaka wa 1858, akiwa mgonjwa, kwa ajili ya bintiye Mwana Hashima. Utendi huo husomwa sana kwa habari ya mke kumtii mume, na hapo ndipo wasomi hugombana. Mimi hunivutia zaidi jinsi ulivyoanza: mama anayejua kwamba siku zake ni chache anamwita mwanawe aje karibu, na anamwambia aliyo nayo moyoni wakati bado ana ulimi. Kama Mwana Kupona, mtu wa Pate na Siu, mwenye heshima na dini yake, hakuona kwamba haya ni sababu ya kumnyamazia binti, sisi tumelipata wapi hili la kuwanyamazia wetu?

Kiswahili, bila shaka, ni lugha ya kusitiri. Mtu kwetu hafi, bali hufariki. Haendi chooni, bali huenda haja. Mwanamke hana mimba, ana uja uzito, au ni mja mzito, au basi husemwa tu kwamba "si peke yake." Washairi tumepata riziki yetu hapo, maana ushairi mwingi wa kwetu ni sanaa ya kusema bila ya kutaja. Lakini tafsida ni chombo cha mtu anayekijua kile kinachofunikwa. Mtoto wa miaka minane hakijui. Tumemfunza tangu utotoni kwamba sehemu zile hazitajwi, na akizitaja hupigwa kofi la mdomo. Siku anapofanyiwa jambo katika sehemu zisizotajwa, atataja nini?

Ndipo mtoto husema kwa njia nyingine. Tumbo humuuma kila Jumatatu asubuhi na kila siku ya Ijumaa halimuumi. Huanza kukojoa kitandani naye alikwisha kuacha zamani. Aliyekuwa mchangamfu hujikunyata, au aliyekuwa mpole hugeuka mkali akapiga wenzake. Alama zake za darasani huporomoka ghafula. Huwa na pesa au simu ambayo hakuna aliyempa. Au husema maneno machache kisha akanyamaza, kama hivi:

"Mama, mimi sitaki tena kupanda tuktuk ya yule."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Sitaki tu."

"Wataka nani akupeleke? Babako aliyeko Doha? Hebu kwenda zako, utachelewa!"

Mama hakukosa mapenzi. Ana mahamri motoni na wateja mlangoni. Lakini mtoto amekwisha kusema, na kwa akili yake yeye amesema yote, na jawabu alilopewa ni kwamba mambo haya hayasikilizwi. Wanaoshughulika na watoto waliodhurika hutuambia jambo moja, nalo lafaa kukumbukwa: mtoto haanzi na habari nzima, huanza na kipande kidogo cha kumjaribu mkubwa. Akipokelewa vyema huongeza. Akikemewa hufunga, na huenda asifungue tena mpaka awe mtu mzima.

Wala tusidhani kwamba mwenye kudhuru ni jini la mwituni. Serikali ilifanya uchunguzi wa nchi nzima mara mbili, mwaka wa 2010 na mwaka wa 2019, kwa kuwauliza vijana wa miaka 18 hadi 24 yaliyowapata walipokuwa watoto. Katika ule wa 2010, wasichana 32 katika kila 100 na wavulana 18 katika kila 100 walisema waliwahi kufanyiwa ujeuri wa kimwili wa aina ya zinaa kabla hawajafika miaka 18. Katika ule wa 2019 hesabu ilishuka, ikawa kama 16 kwa wasichana na 6 kwa wavulana. Kushuka ni jambo la kushukuru, lakini chukua darasa moja la watoto 50 na upige hesabu mwenyewe. Na wenye kufanya hayo mara nyingi ni watu wanaojulikana: jirani, jamaa, rafiki, mwenye pikipiki ambaye humchukua msichana bure jua likiwa kali, mpaka siku ile bure inapodaiwa.

Mtazame pia huyo mvulana. Sisi watu wa pwani twawalinda wasichana kwa maneno mengi, lakini mvulana twamwachilia kama mbuzi wa jioni, tukidhani kwamba hana cha kupoteza. Mvulana aliyedhurika ana aibu mara mbili, na hofu ya kuitwa jina lile ambalo mtaani hutupwa kama jiwe. Kwa hivyo yeye hunyamaza zaidi. Kama msichana amempoteza somo wake, mvulana naye amempoteza mjomba, na hakuna anayemlilia.

Sasa nifike kwenye jambo gumu, ambalo najua baadhi ya wasomaji wetu hawatalipenda. Likitokea tendo, na likajulikana, hatua ya kwanza ya watu wetu ni kuita wazee. Hukutanishwa watu barazani, au nyumbani kwa mmoja wao, na neno linalotawala kikao ni "sitara." Tusiwavunjie watu heshima. Mtoto wa kike atapata mume nani akijulikana? Yule kijana ni mtoto wa fulani. Basi hutolewa fedha, au mbuzi, au huamuliwa kwamba amuoe tu, na fatiha husomwa, watu wakanywa kahawa wakaondoka.

Sitara ni jambo tukufu, na hakuna Mwislamu anayelipinga. Lakini hebu tuulize: anayesitiriwa hapo ni nani? Mtoto hakufanya aibu yoyote ya kufunikwa. Aliyefunikwa ni mwenye kutenda, naye huondoka na nguo mpya iliyoshonwa na wazee wa mtaa, akaenda kutafuta mwingine. Mimi nimekaa katika vikao vya suluhu vingi maishani mwangu, vya mipaka ya viwanja, vya mirathi, vya mke na mume, na nawasifu wazee wetu kwa hekima yao katika hayo. Hili halimo katika mlango wao.

Halimo kwa sheria pia. Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya mwaka wa 2006 imeweka kifungo cha maisha kwa anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini yake, kisichopungua miaka 20 kwa mtoto wa miaka 12 hadi 15, na kisichopungua miaka 15 kwa wa 16 hadi 18. Na sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 40, imesema kwamba uamuzi wa kuacha uchunguzi au mashtaka ni wa mwanasheria mkuu, na leo kazi hiyo iko kwa mkurugenzi wa mashtaka ya umma. Si uamuzi wa mzazi, wala wa chifu, wala wa imamu. Kadhi naye hana mkono hapa, kwa maana Katiba imempa ndoa, talaka, mirathi na hali za watu binafsi, basi. Kumuoza mtoto aliyenajisiwa ili jambo liishe hakulimalizi, bali huongeza kosa la pili juu ya la kwanza, kwani ndoa chini ya miaka 18 imekatazwa na sheria za nchi.

Basi mzazi afanye nini saa ile ile? Kwanza asimpige mtoto, wala asimuulize "Kwa nini ulikwenda?" Pili, na hili ni lenye kuwapata Waislamu zaidi kuliko wengine kwa sababu ya mapenzi yetu ya tohara, asimkoge wala asifue zile nguo. Najua ndilo jambo la kwanza linalomjia mama: kumtia mtoto majini, kumtakasa, na ile nguo kuilowesha asiione tena. Maji yale yataondoka na ushahidi wote. Josho litangoja saa chache. Nguo zitiwe katika mfuko wa karatasi, wala si wa nailoni, maana ndani ya nailoni unyevu huziharibu, na mtoto apelekwe hospitali kabla ya kwenda popote pengine.

Hospitali ndiyo ya kwanza, kabla ya polisi. Dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi ni lazima ianzwe ndani ya saa 72, na kadiri inavyotangulia ndivyo inavyofaa zaidi. Dawa ya kuzuia mimba kwa msichana aliyekwisha kubaleghe hufaa ndani ya siku tano. Hapa Mombasa, katika hospitali kuu ya Makadara ambayo leo huitwa Coast General, kuna kituo maalumu cha waliofanyiwa ujeuri wa namna hii, chenye matibabu na ushauri mahali pamoja. Daktari atajaza fomu ya matibabu, na polisi watatoa fomu ya P3 ambayo hailipiwi. Gharama ya matibabu katika hospitali ya serikali sheria imeiweka juu ya serikali. Kituoni mtu aombe dawati la jinsia, asikubali kusimulia mambo haya mbele ya kaunta watu wakipita, na asiondoke bila ya nambari ya OB, kwa maana habari isiyoandikwa kitabuni ni kama haikusemwa.

Nimesema ya nyumbani. Ya skuli je?

Mwalimu wa skuli ana amri zake. Tume ya Walimu ilitoa waraka mwaka wa 2010, nambari 3, kwamba mwalimu yeyote anayepata habari au hata shaka ya kwamba mwanafunzi amedhuriwa kwa zinaa ni lazima aripoti kabla ya saa 24 kupita, na anayeficha naye ana kosa. Mwaka wa 2015 Mahakama Kuu ya Nairobi ilikwenda mbali zaidi. Katika kesi ya wasichana wawili walionajisiwa na naibu wa mwalimu mkuu wao, ilihukumu kwamba dhamana si ya mtu yule peke yake, bali Tume na serikali zina dhamana pia kwa kumweka mtu huyo mbele ya watoto. Na zamani kabla ya hapo kulikuwa na desturi ya kumhamisha tu mwalimu wa namna hiyo kutoka wilaya moja hadi nyingine, kama mtu anayehamisha moto kutoka jiko hadi jiko. Leo Tume hufuta majina ya walimu na kuyatangaza, na aliyefutwa hawezi tena kufundisha kwa halali.

Lakini ustadhi wa madrasa jina lake limeandikwa wapi? Hili naliuliza kwa heshima, nami ni mwana wa chuoni, na kama si herufi nilizozichonga ubaoni kwa kalamu ya mwanzi nisingekuwa na kazi hii ninayoifanya. Kamati ya msikiti humpata ustadhi kwa kuambiana. Fulani ana sauti nzuri, amehifadhi, ametoka mji fulani, basi apewe chumba. Wengi wao, tena wengi sana, ni watu wema wanaofundisha kwa ujira usiotosha hata sabuni. Lakini anayetafuta watoto kwa nia mbaya naye ajua pa kwenda, naye huenda pale pasipo na maswali. Akishukiwa Lamu, nani atajua Malindi? Kamati ingeweza kumtaka alete cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi na barua ya mahali alipofundisha kwanza. Isiwe kwa dharau. Hata dereva wa basi huulizwa cheti. Tena sheria ya 2006 iliposema juu ya mwalimu anayetumia cheo chake kumpata mwanafunzi, adhabu yake isiyopungua miaka 10, haikubagua kati ya mafunzo yaliyo rasmi na yasiyo rasmi.

Na bakora. Nilipopelekwa chuoni nikiwa na miaka sita, nyanya yangu alimwambia mwalimu kwamba nyama ni yake na mifupa ni yetu, na mwalimu aliipokea nyama ile kwa bidii. Wako wenzangu wanaosema kwamba bila ya bakora wasingehifadhi hata juzuu moja. Mimi nakumbuka waliohifadhi, na nakumbuka pia waliotoroka wakaenda kukaa gatini, wakapotelea huko, na mmoja alikuwa na kichwa chepesi kutushinda sote. Katika skuli, adhabu ya viboko iliondolewa mwaka wa 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikaifanya kuwa kosa la jinai, faini hadi shilingi 100,000 au kifungo cha miezi sita au vyote viwili. Viboko bado vyapigwa, kila mtu ajua. Lakini uhusiano wa bakora na habari yetu ya leo ni huu: mtoto hampi siri mtu anayemwogopa mkono wake. Mwalimu wa ushauri ambaye asubuhi alikuwa akichapa watu langoni kwa kuchelewa, jioni ataketi ofisini peke yake na kiti kitupu mbele yake.

Kuna usalama mwingine ambao hautaki siri wala tafsida, wataka fundi tu. Mwezi wa Machi 1998, huku kwetu Mazeras, wasichana zaidi ya 20 wa skuli ya Bombolulu walikufa kwa moto bwenini usiku. Machi 2001 wavulana 67 walikufa Kyanguli, Machakos. Septemba 2024 walikufa watoto 21 Endarasha, Nyeri, nao walikuwa wavulana wa skuli ya msingi. Baina ya moto wa pili na wa tatu, mwaka wa 2008, Wizara ya Elimu ilitoa kitabu cha kanuni za usalama, na kanuni zenyewe ni nyepesi kuzielewa: mlango wa bweni ufunguke kwa nje, uwe na upana wa futi tano, pawe na mlango kila upande na mwingine wa dharura katikati, usifungwe kwa nje watoto wakiwa ndani, dirisha lisiwe na vyuma, na baina ya kitanda na kitanda pawe na nafasi ya mita moja na robo hivi. Mzazi anayempeleka mwanawe bweni hukagua godoro, sanduku, sabuni na ndoo kama ilivyo katika orodha aliyopewa. Akumbuke na kuingia bwenini akasukuma mlango kuona waenda upande gani. Bweni za madrasa nazo zitazamwe hivyo hivyo, kwani nyingi kati ya hizo zilikuwa nyumba za kukaa watu, zenye madirisha ya vyuma kwa hofu ya wezi.

Ama kuhusu mahali pa kusemea, ziko njia zilizowekwa badala ya yule somo wetu, na haifai kuzidharau. Iko nambari ya simu ya watoto, 116, isiyolipiwa, usiku na mchana, na anayepokea hufunzwa kusikiliza. Mtoto mwenyewe anaweza kupiga, au jirani, au mtu asiyetaka kutaja jina lake. Iko 1195 kwa ujeuri wa aina hii kwa mkubwa na mdogo. Yuko afisa wa watoto katika kila kaunti ndogo, ambaye watu humkumbuka tu mume na mke wanapogombania malezi, na kumbe hii ndiyo kazi yake hasa. Lakini mtoto wa bweni hana simu, maana imekatazwa. Skuli nyingine zimeweka sanduku la kusemea, lenye kitundu juu, mtoto atie karatasi yake. Shauri zuri. Ila mimi nilipoonyeshwa sanduku la namna hiyo katika skuli moja, niliuliza swali moja tu: ufunguo anao nani? Nikaambiwa naibu wa mwalimu mkuu, ambaye pia ndiye mwenye kusahihisha insha, na kwa hivyo azijua hati za watoto wote. Sanduku lilikuwa limetundikwa nje ya mlango wa ofisi yake. Ndani hamkuwa na kitu, naye alilitaja hilo kwa furaha, kwamba ni dalili skuli yao haina matatizo.

Ufunguo ungekuwa wa watu wawili, mmoja wao asiwe mtu wa skuli, mathalani mama mmoja wa kamati ya wazazi, na sanduku lenyewe liwe mahali ambapo mtoto hupita kwa kawaida bila ya kuonekana amekwenda kusudi, kama karibu na bomba la maji. Hapo karatasi zingeingia. Nyingi zingekuwa za kulalamikia maharagwe, na hiyo ni sawa, kwa kuwa anayeona kwamba neno lake la maharagwe limesikilizwa ndiye atakayeandika lile zito.

Tena mtaani kwenu yuko mtu ambaye watoto humzunguka. Utamjua. Ni mama muuza mabuyu, au shangazi asiye na wana, au ustadhi kijana anayecheza mpira na wanafunzi wake. Msichana au mvulana akiulizwa, "Ukiwa na jambo, ungependa kumwambia nani?" atamtaja mtu huyo. Basi mzazi na amwendee mtu yule amwambie waziwazi: "Bibie, mwanangu akikuletea neno, nakuomba umsikilize, na unijie mimi, na kama jambo lanihusu mimi mwenyewe, nenda kwa afisa wa watoto." Maneno haya ni machungu kuyatamka, hasa hayo ya mwisho. Lakini ndiyo yaliyomfanya somo wa zamani kuwa somo, kwamba alikabidhiwa mbele ya watu, wala hakuokotwa siku ya msiba.

Na jambo likifika mahakamani lisiachwe njiani. Mombasa tunayo mahakama ya watoto pale Tononoka. Sheria imeruhusu mtoto atoe ushahidi nyuma ya pazia asimwone mshtakiwa, au asemewe na mtu wa kati anayemwelewa. Kesi nyingi hazivunjiki kwa kukosa sheria. Huvunjika kwa kukosa nauli. Tarehe hutajwa, ikaahirishwa, ikatajwa nyingine, na mama hufunga kibanda chake siku nzima kila mara, mpaka mara ya nne au ya tano hachelewi kusikia jamaa wakimwambia, "Yaache, dada, Mungu atalipa." Shahidi asipofika, mshtakiwa huenda nyumbani. Hapa jirani ana kazi: kukaa kibandani siku hiyo mama aende, au kufuatana naye asikae katika benchi lile peke yake.

Msichana aliyepata mimba naye hajafukuzwa skuli. Tangu mwaka wa 1994 siasa ya serikali ni kwamba arudi baada ya kujifungua, na mwongozo wa mwaka wa 2020 umeeleza hata namna ya kurudi. Akiona haya katika skuli ile ya kwanza, mzazi anaweza kumtafutia nafasi katika nyingine. Mwalimu mkuu akimkataa, barua iende kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo, na nakala kwa afisa wa watoto.